Cuzo wa Majuu Anataka Hisa kwa Kampuni Yako? Soma Hii Kabla KRA Wakusomee

Hii story iko kila mtaa siku hizi. Uko na brand yako ya hudi na jezi, ulianzia kwa bedsitter Umoja, sai uko na stall tao na kampuni imeandikishwa kwa eCitizen. Disemba cuzo wako wa Dallas anatua, anaona venye mzigo unatoka, anakuambia: "Nipee asilimia 30, nakutumia 500,000." Ama si cuzo, ni beshte wa Berlin ambaye amekuwa akinunua hudi zako tangu siku za kwanza. Mnakubaliana kwa WhatsApp, doh inaingia, mnapost "new chapter" na kila mtu ana-comment moto.

Wengi hufikiria deal imeisha hapo. Lakini kwa upande wa ushuru, hapo ndio kazi inaanza, na mwenye atabanwa kwanza ni wewe uliye hapa, sio yeye aliye huko.

Tuanze na habari njema, juu kuna uongo mwingi unazunguka. Kampuni yako haigeuki kuwa ya kigeni eti kwa sababu mtu wa nje ameingia. Sheria ya ushuru wa mapato inasema kampuni iliyoandikishwa Kenya ni mkaazi wa Kenya, period. Hata cuzo akichukua asilimia 90, kampuni bado italipa 30% ya faida kama kampuni zingine za hapa. Na kama mauzo yako ni kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka na uko kwa ile TOT ya 3%, hutolewi huko juu ya pasipoti ya mwenyehisa. Kwa hivyo yule msee wa "ukiweka mzungu utalipa double" mwambie atulie.

Kitu inabadilika ni doh inayotoka kwa kampuni kuelekea kwa huyo mtu. Na hapo swali la kwanza KRA wanauliza haliendi venye wengi wanafikiria.

Nani ni "wa nje"?

KRA hawaangalii pasipoti. Wanaangalia mtu anakaa wapi.

Kuna njia tatu za mtu kuhesabiwa mkaazi wa Kenya mwaka wowote. Ya kwanza, ako na nyumba ya kudumu hapa na amekanyaga Kenya mwaka huo, hata kama ni siku moja. Ya pili, hana nyumba lakini amekaa siku 183 ama zaidi ndani ya mwaka huo. Ya tatu, amekuja mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, na ukipiga wastani inapita siku 122 kwa kila mwaka.

Sasa ona venye hii inapindua mambo. Yule Mitaliano amekaa Watamu miaka kumi akiendesha hoteli ni mkaazi. Cuzo wako wa Dallas, Mkenya damu, ana ID na anajua nyimbo zote za Gengetone, lakini hana nyumba hapa na hukuja wiki mbili za Krismasi, huyo kwa KRA ni mtu wa nje. Uzalendo hauingii kwa hiyo hesabu.

Na kama cuzo amejenga ile nyumba ya Kitengela, iko na fanicha, imefungwa ikimngoja Disemba? Hapo anaweza kuwa mkaazi, na mgao wake utatozwa kidogo. Lakini msikimbilie kusherehekea. Ukaazi unakuja na mizigo yake, juu mkaazi hufuatwa hata kwa mshahara anaolipwa nje ya nchi. Hapo cuzo aongee na mhasibu wake mwenyewe kabla ya kuanza kutangaza kwa familia kwamba ako na "nyumba ya kudumu".

Hesabu ya gawio

Wacha tuweke namba, juu bila namba hii ni porojo tu. Sema kampuni iko kwa ushuru wa kawaida na mwaka huu imepata faida ya 1,000,000. KRA wanachukua 30%, yaani 300,000. Zimebaki 700,000 na mmeamua kugawa zote. Wewe uko na 70%, cuzo ako na 30%.

Fungu lako ni 490,000. Mkaazi anakatwa 5% ya gawio, yaani 24,500, unabaki na 465,500. Kwako mambo yanaishia hapo.

Fungu la cuzo ni 210,000. Mtu wa nje anakatwa 15%, yaani 31,500. Anabaki na 178,500, na hapo bado hatujahesabu ada ya benki na kubadilisha shilingi kuwa dola.

Hiyo 15% sio kitu ya juzi. Juni 2024 Gen Z walijaa barabarani hadi Finance Bill ya mwaka huo ikatupwa, na wengi wakabaki na picha kwamba ushuru mpya wote ulizikwa pale. Hii haikuwa ndani ya ule mswada hata kidogo. Ilipanda kutoka 10% hadi 15% Aprili 2020, wakati sisi wote tulikuwa tumejifungia nyumbani tukinawa mikono, na wachache waliishtukia.

Sasa shika hii vizuri: kukata hiyo 15% ni kazi ya kampuni. Sio cuzo atakayeenda iTax. Unamkata kabla hujamtumia, na tangu Julai 2023 una siku tano za kazi kupeleka kwa KRA. Zamani ungengoja hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hiyo luxury ilikufa. Ukimtumia 210,000 nzima kwa sababu "ni familia, nitasort baadaye", KRA watakuja kwa kampuni kudai 31,500, na faini na riba juu. Cuzo ako Dallas anakula brisket, wewe ndio unaandikiwa barua.

Kwa hivyo kabla msaini chochote, mkubaliane kwa maandishi kama asilimia zenu ni kabla ya makato ama baada. Nimeona urafiki ukifa juu ya mtu kuahidiwa "laki mbili na kumi" alafu anapata 178,500 kwa akaunti na kuanza kushuku ameibiwa. Hakuibiwa. Hakuambiwa tu.

Doh yake inaingiaje?

Hapa ndio naona hatari kubwa kuliko hata ile 15%, lakini watu hawaigusi kwa sababu wanaona ni mambo ya makaratasi.

Kuna njia mbili za kumpa hisa. Moja, unamuuzia zako. Kampuni iko na hisa 1,000, zote zako, unamkatia 300 na anakulipa 500,000. Hiyo doh ni yako kibinafsi, unaweza kwenda nayo Mombasa. Lakini umeuza mali, na faida ya kuuza mali inatozwa 15% tangu Januari 2023, kutoka 5%. Kama hisa zako zilikuwa za bob moja moja, gharama yako ilikuwa 300, faida ni 499,700, ushuru ni karibu 75,000. Juu ya hapo kuna stamp duty ya 1% ambayo mnunuzi analipa. Na usifikirie utaandika "nimemuuzia kwa 300" ili kuruka hiyo. Watu wa familia wakiuziana, KRA wanaruhusiwa kutumia bei ya soko, na wataitisha vitabu vya kampuni wajue thamani.

Njia ya pili, kampuni inatoa hisa mpya. Zako 1,000 zinabaki, kampuni inazalisha zingine 429, cuzo anazichukua kwa 500,000. Ukipiga hesabu ya 429 kwa 1,429 unapata hiyo 30%. Wewe hujauza kitu, kwa hivyo hakuna ushuru wa faida ya mtaji kwako. Na hiyo 500,000 si mapato ya kampuni, ni mtaji, haitozwi 30%. Kwa biashara inayotaka kununua mashine ya pili ya kudarizi, hii ndio njia ya maana. Ila doh ni ya kampuni sasa, sio yako. Ukiitoa kununua Probox ya kuzurura nayo, utaulizwa kama huo ulikuwa mshahara, mkopo ama gawio, na kila jibu liko na ushuru wake.

Hisa mpya zikitoka, una mwezi mmoja wa kuwasilisha ripoti kwa msajili wa kampuni ili CR12 ikae sawa. Watu wengi hawafanyi. Wanasema CR12 itarekebishwa "tukipata time".

Sasa fikiria miaka mitatu mbele. KRA wanachukua taarifa za benki za kampuni yako, wanajumlisha kila senti iliyoingia, wanalinganisha na mauzo uliyotangaza. Hii ni mbinu ya kawaida kwao, si kitisho cha mtandaoni. Wanakuta 500,000 kutoka Texas. Wanauliza ni nini. Unasema mtaji wa cuzo. Wanaitisha makaratasi. CR12 inaonyesha mwenyehisa ni mmoja tu, wewe. Hakuna azimio la wakurugenzi, hakuna ripoti kwa msajili, kuna screenshot ya WhatsApp yenye emoji ya moto.

Kwa kesi za ushuru Kenya, mzigo wa kuthibitisha uko kwako, sio kwa KRA. Bila ushahidi wana ruhusa ya kusema hayo yalikuwa mauzo uliyoficha. 30% ya hiyo ni 150,000. Kama umesajiliwa VAT, kuna 16% inakungoja pia. Alafu faini, alafu riba ya 1% kila mwezi tangu siku ulipaswa kulipa. Pesa ambayo kisheria haikuwa na ushuru hata shilingi moja imekugharimu karibu nusu yake, kwa sababu ya karatasi ambayo ingeandaliwa kwa siku moja.

Kwa hivyo: doh ije moja kwa moja kwa akaunti ya kampuni, si kwa M-Pesa yako, si kwa akaunti ya mathe. Ile karatasi ya benki ya kuonyesha pesa imetoka kwa nani iwekwe. Azimio la kutoa hisa liwe na tarehe ya kabla ya pesa kuingia, na makaratasi yote yakae angalau miaka mitano.

Na ile plan ya "tuziweke kwa jina langu, nitakuwa nakutumia kimya kimya ili tukatwe 5%"? Acha. Mtu mwenye 10% ama zaidi, awe amejificha nyuma ya jina la nani, anapaswa kuandikwa kwa rejista ya wamiliki halisi. Ukimficha unavunja sheria ya kampuni na ile ya ushuru kwa mpigo mmoja. Na cuzo naye hana karatasi yoyote ya kuonyesha amemiliki kitu. Siku mkikosana, ama ukipatwa na ajali, familia yako itamwambia hawamjui.

"Basi nikukopeshe tu"

Mjanja wa mtandao atakuambia cuzo asipewe gawio, atoe mkopo, ama alipwe kama konsaltanti. Yanawezekana, lakini si bure.

Riba unayomlipa mtu wa nje inakatwa 15%, kama tu gawio. Mkopo usio na riba unasikika safi zaidi, hadi ujue kwamba kampuni ikiwa chini ya udhibiti wa mtu wa nje, sheria inajifanya riba ipo. Wanachukua bei ya hati za serikali za siku 91, wanapiga hesabu ya riba ambayo haikulipwa, na unapaswa kupeleka 15% ya hiyo riba hewa. Na udhibiti hauhitaji nusu ya kampuni. Tangu 2021 ukishika 20% ya kura unaweza kuhesabiwa mdhibiti. Cuzo wako wa 30% ameshapita hapo.

Konsalti nayo inakatwa 20% akiwa nje, ingawa kampuni inaihesabu kama gharama kwa hivyo faida inapungua. Kama kweli anakufanyia kazi, anakupangia website na kutafuta wateja Houston, mlipe kwa bei ambayo ungelipa mtu usiyemjua, na uwe na invoisi. Kama hafanyi kitu, hiyo ni gawio imevaa suti, na KRA wana sheria ya bei kati ya watu wenye uhusiano ya kuivua.

Huko kwake nako

Cuzo wa Dallas akiwa raia wa Marekani ama ana green card, IRS wanataka kujua mapato yake popote duniani. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia ushuru mara mbili. Bado anaweza kuomba apunguziwe kule kwa ile 15% aliyokatwa hapa, lakini anahitaji cheti cha makato kutoka iTax, na wewe ndio utamtumia. Kitu kali zaidi: Mmarekani akichukua 10% ama zaidi ya kampuni ya nje anapaswa kujaza fomu 5471, na faini ya kuisahau inaanzia dola 10,000. Hiyo ni zaidi ya pesa aliyowekeza kwako. Mwambie mapema. Yeye hatakuwa anajua, watu wa tax season kule hawaulizi kama una hisa za hudi Nairobi.

Wa Uingereza, Ujerumani na Canada wako na mikataba na Kenya. Hiyo haimaanishi atakatwa kidogo, kwa mfano kwa Uingereza kiwango cha gawio kinabaki 15%, ila anahesabiwa kule ili asilipe mara mbili. Afrika Kusini mkataba unashusha hadi 10%. Kutumia kiwango cha mkataba anahitaji cheti cha ukaazi kutoka mamlaka ya ushuru ya nchi yake, sio kukuambia tu "mimi niko Joburg".

Shamba

Hii si ushuru lakini siwezi iruka. Katiba, kifungu cha 65, inasema kampuni ni ya raia ikiwa tu inamilikiwa na raia peke yao. Hisa moja ya mtu asiye raia inatosha kuiondoa hapo, na kampuni isiyo ya raia haiwezi kushikilia ardhi zaidi ya lizi ya miaka 99. Kama plot ya mzee iliandikwa kwa jina la kampuni, simama kwanza, uliza wakili.

Na hapa kipimo kimebadilika, kwa hivyo usichanganye. KRA wanauliza unakaa wapi, ardhi inauliza wewe ni raia wa wapi. Cuzo mwenye uraia wa nchi mbili ni mtu wa nje kwa gawio na ni Mkenya kwa shamba, siku hiyo hiyo. Lakini kama alichukua uraia wa Marekani kabla ya Katiba ya 2010 na hakuomba kurudishiwa wa Kenya, kwa shamba pia ni mgeni, hata kama kaburi la guka liko hapo.

Siku akitoka

Sema brand imeomoka, cuzo anataka kuuza hisa zake 3,000,000. Aliweka 500,000, faida ni 2,500,000. Tangu 2023 sheria iko wazi kwamba mtu wa nje aliyeshika angalau 20% ya kampuni ya hapa, wakati wowote ndani ya siku 365 kabla ya kuuza, anatozwa Kenya. Hiyo ni 15%, yaani 375,000, isipokuwa mkataba wa nchi yake useme vingine. Kama ni wewe unazinunua, stamp duty ya 1% iko kwako, kwa hivyo usiende na 3,000,000 pekee. Beba na 30,000 zaidi, na usimtumie doh yote kabla hujaona risiti yake ya KRA.